Kamba za Mkono wa Kushoto

Bilele, Bukoba
14 Januari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na miguu imepunguza kuvimba. Mimi sijambo, isipokuwa kichwa kimejaa Kihispania mpaka juzi nilisahau kutia chumvi kwenye maharage. Farida anakusalimia. Bado nalala chumba cha nyuma ya mgahawa wake, na asubuhi kabla ya darasa namsaidia kukanda unga wa chapati. Anasema nikiikosa Hispania ataniajiri. Utani wake unaujua tangu tukiwa sekondari.

Uliniuliza tunafundishwa nini, maana kazi yenyewe ni kutunza wazee na hiyo umenifundisha wewe wakati wa bibi. Basi nikueleze. Wiki hii mwalimu wetu, mzee Byarugaba, ametuingiza kwenye vitenzi vya muda. Mama, hawa watu wana mambo. Sisi tukisema "nina miezi minne hapa" tumemaliza. Wao wanasema llevo cuatro meses aquí, yaani nabeba miezi minne hapa. Muda wanaubeba kama mkungu wa ndizi. Jambo likishapita wanatumia kitenzi cha kufanya: hace nueve años, inafanya miaka tisa. Na safari ina kitenzi chake, tardar, yaani kuchukua muda. Kutoka Bukoba mpaka Muleba basi tarda saa moja na nusu, halafu bodaboda mpaka kwetu Kishanda. Mzee Byarugaba aliishi kule miaka kumi na moja. Anasema asiyeshika hivi vitenzi asijisumbue kupanda ndege, kwa sababu mzee wa kule akifungua macho, swali la kwanza ni ulikuwa wapi muda wote huo.

Mtihani ni tarehe 16 Machi, Dar es Salaam. Nikifaulu, kampuni inanipeleka mji unaoitwa Zaragoza kwa miaka mitatu.

Ndizi zako tumekula siku nne. Kapu nalirudisha na sabuni na pakiti mbili za chumvi, na kamba za mgomba nimezikunja nikaziweka chini.

Ni mimi mwanao,
Joanitha


Kishanda, Muleba
27 Januari 2024

Mwanangu Joanitha,

Marahaba. Sisi huku Mungu anatushika. Miguu ni ileile, asubuhi inaingia kwenye viatu, jioni inakataa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Afadhali barua. Juzi shemeji yangu Ndyamukama alinibandika simu yake sikioni, akisema unaongea, nami nikawa natikisa kichwa tu ili nisimwaibishe. Tangu ile homa ya mwaka aliofariki baba yako, masikio yangu ni mapambo.

Vitenzi vyako nimevipenda. Usihangaike kuniandikia jinsi vinavyotamkwa, mimi nitavisoma kwa macho. Nimejaribu nikiwa namenya ndizi. Llevo miaka thelathini na minne katika kibanja hiki. Baba yako Rutaihwa amelala pale nyuma ya mibuni, hace miaka tisa. Nimepatia? Hicho cha kubeba ndicho kimenikaa. Waliokitunga walikuwa wanawake, waitu.

Kapu limefika na limejaa, asante. Unakumbuka bibi yako, kapu likirudi kwake tupu alikuwa anafunga khanga na kwenda kuuliza nani amefariki. Kamba zako umezikunja kinyume kama kawaida, kwa huo mkono wako wa kushoto, nimekaa robo saa nazifungua. Miaka ishirini na sita nakuonyesha na hujajifunza. Sasa sijui hicho Kihispania kitakuingiaje.

Jambo jingine. Jumuiya imekaa kwa Ndyamukama na wameamua kukuaga tarehe 9 Machi. Mbuzi ameshapatikana, na padre ameombwa baraka. Nimewaambia mtihani bado. Ndyamukama akasema mtoto wa Rutaihwa hajawahi kufeli, na wote wakacheka, nikajua limepita. Basi uje uagwe.

Mama yako,
Klaudia


Bilele, Bukoba
2 Aprili 2024
(haikutumwa)

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize afya kwanza au niseme kwanza.

Nimefeli. Karatasi ya kuandika nilipita. Ni ule wa mdomo. Mwanamke mmoja mpole aliketi mbele yangu, akaniuliza nina muda gani tangu nianze kujifunza Kihispania. Jibu lake ni kitenzi kile kile nilichokuandikia Januari. Kitenzi nilikuwa nacho mdomoni. Nikaiona ile siku ya kuagwa, nikamwona Ndyamukama ameshika kisu cha mbuzi, wanawake wanaimba, na wewe umevaa gauni lako la harusini, unatabasamu kwa sababu husikii wanaimba nini. Nikanyamaza. Akarudia. Nikazidi kunyamaza. Mwisho akasema asante, akaandika.

Wenzangu wanne wamekwenda. Mimi nimepanda basi mpaka Bukoba, na sasa niko kwa Farida, chumba kile kile. Naruhusiwa kurudia mtihani Januari mwakani.

Watu mia moja waliniaga, Mama. Padre aliniwekea mikono. Bibi Alistidia alinipa rozari yake aliyozikia wanawe wawili. Nitarudi vipi na rozari ya watu? Nitawaambia nini, kwamba mbuzi wao


Zaragoza, Hispania
21 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini u mzima na nyumba nzima haijambo. Nimefika salama, Mungu ni mwema. Usishangae barua kuja imechapwa. Naiandika kwenye simu, namtumia Farida, naye anaichapisha hapo Bilele na kumpa konda wa basi la Muleba. Barua zako pia mpelekee Farida, atazipiga picha. Namba yangu ya zamani huku haifanyi kazi, mwambie Ndyamukama.

Mji ni mzuri. Una mto mkubwa na kanisa la Mama Bikira lenye minara minne. Upepo wa huku ni mkali mpaka wameupa jina lake. Namtunza bibi mmoja anaitwa Doña Amparo, ana miaka themanini na nane. Llevo tres semanas aquí. Nabeba wiki tatu.

Usinifikirie. Wasalimie jumuiya.

Mwanao,
Joanitha


Kishanda
12 Mei 2024

Mwanangu Joanitha,

Marahaba, na pole na safari. Barua yako nimeipeleka kwa jumuiya, Ndyamukama akaisoma, watu wakashangaa habari ya upepo wenye jina. Bibi Alistidia aliuliza kama rozari ilipita kwenye mashine ya uwanja wa ndege.

Mimi nina neno moja tu. Umeandika mto, umeandika kanisa, umeandika upepo. Hujaandika unakula nini. Wewe, ambaye ukienda harusini unaniletea habari ya wali kabla ya habari ya bibi harusi. Je, huko hakuna chakula?

Mvua zimetuharibia, mibuni imedondosha maua. Miguu tusiiongelee. Nimejaza kapu kwa ajili ya Farida, kumshukuru kwa kazi ya kuchapa. Kuna ndizi, na kifurushi cha akamwani, zile buni za kutafuna, nimechemsha na kukausha mwenyewe, aonje anachotafuna Mhaya anapopokea mgeni. Asitafune nyingi, atakesha.

Nikuulize kitenzi. Kutoka huko mpaka Kishanda, mtu tarda muda gani?

Mama yako,
Klaudia


Zaragoza
30 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Mimi mzima wa afya. Chakula kipo, samahani nilisahau. Wanakula viazi na mayai na mkate mwingi. Doña Amparo anapenda supu.

Uliuliza safari. Ni siku mbili ukijumlisha kusubiri ndege. Ni mbali sana, Mama, hata likitokea jambo mtu hawezi kuja haraka. Nakuomba ulizoee hilo.

Farida anasema akamwani zimemshinda, ametema, lakini ndizi zimepikwa zote. Kapu amelirudisha kwa konda, ameweka maandazi na majani ya chai.

Tafadhali nenda hospitali. Usingoje mguu upasuke.

Mwanao,
Joanitha


Kishanda
8 Septemba 2024

Mwanangu Joanitha,

Marahaba. Umesema niende hospitali, nimekwenda, mwezi uliopita. Si miguu, ni moyo, wamesema unasukuma damu kwa uvivu. Wamenipa vidonge vya aina tatu na kunikataza chumvi. Pakiti zako za chumvi nimempa Ndyamukama.

Nimekaa na kalamu muda mrefu leo. Nataka kukuambia jambo na sitaki likuume. Kama kazi ya huko ni nzito, rudi. Kama imekwisha, rudi. Kama haikuwa ile uliyoahidiwa, rudi hivyo hivyo ulivyo. Kibanja hiki hakikuagi wala hakikupokei kwa mbuzi, kinataka tu mtu wa kukata majani. Watu watasema wiki mbili, halafu litatokea la mwingine. Na wakicheka mimi sitasikia, unanijua.

Usiku nalala nimekaa, nikilala chali pumzi inakata. Mtoto wa Ndyamukama, Ildefons, ananichotea maji. Ni mtoto mzuri lakini ndizi anamenya na nusu ya nyama yake.

Doña Amparo mpe pole ya uzee. Mwambie kuna mwenzake huku.

Mama yako,
Klaudia


Zaragoza
24 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenibana. Nimeumia kusikia habari ya moyo. Meza vidonge vyote, hata vile vinavyokuchefua.

Maneno yako ya Septemba nayasoma kila siku. Nakuomba kitu kimoja, univumilie mpaka Februari. Kuna jambo nalisubiri Januari, likitimia kila kitu kitakaa sawa na nitakuandikia bila kona. Siwezi kusema zaidi. Mzee Byarugaba alikuwa anasema tardar ni kitenzi cha mtu ambaye bado anakuja. Mimi bado nakuja, Mama.

Nasikia senene wameanguka kwa wingi mwaka huu. Umepata?

Mwanao anayekupenda,
Joanitha


Kishanda
4 Februari 2025

Joanitha mwanangu,

Leo sitakusalimu sana, mkono unachoka na nina mengi.

Senene nilipata. Nilijua utauliza.

Mwezi wa sita kapu la Farida lilirudi. Nilitoa maandazi, nikatoa majani ya chai, chini nikakuta kamba zangu za mgomba. Farida ni mtoto wa mjini, wazee wake walitoka pwani, kamba ya mgomba kwake ni takataka ya kufagia. Hizi zilikuwa zimekunjwa, kila moja peke yake, kinyume, kwa mkono wa kushoto. Nilikaa chini pale jikoni. Nilizifungua moja moja na kuzikunja tena kama ulivyozikunja wewe, ili nione kama inawezekana mtu mwingine. Haiwezekani.

Agosti waliponipeleka hospitali hapo Bukoba, nilimwambia Ildefons anipitishe Bilele. Sikumwambia kwa nini. Tuliketi ng'ambo ya barabara, kwa mama anayeuza uji. Ukatoka na ndoo ya maji machafu. Umefunga khanga yangu ya zambarau. Umekonda, mwanangu. Ulimwaga maji, ukasimama kidogo ukaangalia upande wa stendi, ukarudi ndani. Ildefons alikuwa anakunywa uji, hakukuona. Nilitaka kuvuka. Nikafikiri, nikivuka nitakuwa nimemvua nguo barabarani mbele ya wateja. Nikasema atakuja mwenyewe, nikampa Ildefons mkono tukaenda zetu. Ndiyo kosa langu. Ningevuka.

Huko kuzimu kwa aibu unakokaa ni saa mbili na nusu kutoka hapa. Nimezihesabu siku ile tukirudi. Wala sikukasirika. Niliwaza tu anakula nini, halafu nikakumbuka ni mgahawa, nikatulia.

Sasa nisikilize. Siwezi tena kulala hata kwa kukaa. Njoo Jumamosi, na basi la asubuhi. Usilete kitu. Shukia Muleba, Ildefons atakusubiri na pikipiki ya Byarugaba wa mashine, si yule mwalimu wako. Atakupitisha njia ya chini, hutaonana na mtu. Ukitaka kuondoka usiku utaondoka. Nataka tu nikuone ukiwa karibu, na unisomee kwa midomo yako kile Kihispania, nione kinavyokaa mdomoni mwa mtu.

Barua naiweka chini ya kapu, chini ya ndizi, ili konda asiipoteze.

Mama yako,
Klaudia


Zaragoza
13 Februari 2025

Mama, Mama yangu,

Shikamoo. Safari hii ni kweli niko Zaragoza.

Konda alilisahau kapu stendi. Lilikaa ofisini kwao toka Jumanne, Farida akalipata Jumapili, ndizi zimeiva zote. Mimi niliondoka Ijumaa. Picha ya barua yako nimeisoma nimeketi kwenye ngazi za nyumba nisiyoijua, kwa baridi, watu wananipita.

Nilifaulu, Mama. Lile ndilo jambo la Januari. Yule yule mwanamke aliniuliza swali lile lile, na nikamjibu. Tiketi ilikuja haraka, siku tisa tu. Siku zote tisa nilikuwa najadiliana na Farida. Yeye akasema panda basi, nenda ukamuage mama yako. Mimi nikasema mtu aliyekwisha kuagwa anaagwaje tena? Atatokea wapi? Alhamisi nilikwenda mpaka stendi na mkoba. Basi la Muleba lilikuwa linajaza. Nilisimama pale mpaka likaondoka. Kwa hiyo siku ile kapu lako lilikuwa ndani ya ofisi iliyo nyuma ya mgongo wangu, na barua chini ya ndizi.

Nilikudanganya miezi kumi. Doña Amparo hakuwapo, nilimtunga. Upepo niliusoma kwenye simu. Chakula sikuandika kwa sababu kila nilipotaka kukitunga mkono ulikataa. Nilifeli kwa sababu ya woga, si kwa ujinga, na nikaficha kwa sababu ya mbuzi na rozari na nyimbo. Nilijiambia nikifaulu mara ya pili uongo utageuka kweli na hakuna atakayeumia.

Nakunywa maji ya huku nayo yana ladha ya chuma. Nakula viazi na mayai, kweli. Bibi ninayemtunza anaitwa Doña Remedios, anachungulia mlangoni akiniita. Acabo de llegar, ndiyo kwanza nimefika, na nataka kurudi. Nimeomba kampuni waniruhusu. Wamesema baada ya miezi sita. Nisubiri, Mama. Nakuomba mno. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao wa mkono wa kushoto,
Joanitha


Zaragoza
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika hivyo kwa sababu sijui kuanza barua namna nyingine.

Jana Ndyamukama alikuja Bilele. Farida anasema alimwona anavuka barabara na kapu letu mkononi, akajua kabla hajakaa. Lilikuwa tupu. Kamba hazikuwemo. Wamekuzika Jumatano, tarehe 26 Februari, nyuma ya mibuni, ubavuni kwa baba. Namba ya Farida hawakuwa nayo, na walisema hata wangenipata, niko mbali, nisingewahi. Nilipokuwa saa mbili na nusu walidhani niko mbali. Walipodhani niko mbali, walikuwa wamepatia.

Nilimpigia Ndyamukama nikamuuliza kitu kimoja, kama barua yangu ya tarehe 13 ilikufika. Akasema ndiyo, ilifika siku tano kabla. Ulikuwa huwezi tena kushika karatasi wala kuvaa miwani. Uliiona bahasha ukaiwekea mkono. Basi akasema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu, nilimsomea yote." Alisimama kitandani kwako akaisoma kwa sauti kubwa, kama anavyosoma kanisani, mwanzo mpaka mwisho, habari za kufeli, za Bilele, za mbuzi, na rozari. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa jumuiya, na wengine walikuwa wamesimama nje dirishani. Bibi Alistidia alilia. Hakuna aliyecheka. Kanipa na pole zao.

Amesema wewe ulikuwa unamwangalia mdomo, unatikisa kichwa.

Kishanda nzima imesikia, Mama, isipokuwa wewe.

Kapu liko kwa Farida. Nimemwomba alijaze alirudishe kwa Ildefons, awe analitumia. Aliniuliza aweke nini chini. Nikamwambia hakuna, aweke tu chumvi.

Mwanao,
Joanitha